Jibu kwa dada wa Mtumba: sandwichi yako si ile ya kwenye simu

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 34, kilo 78, urefu sentimita 162. Nafanya kazi ofisini Mtumba, hapa Dodoma, naishi Nkuhungu. Mchana sina muda wa kusubiri chakula kwa mama lishe, kwa hiyo Jumatatu hadi Alhamisi nanunua sandwichi ya kuku, Ijumaa najipongeza na baga. Pembeni nachukua chipsi kidogo za kuonja. Soda niliacha, nakunywa maji, ila siku za joto napitia juisi ya zabibu. Simuni nina apu ya kalori: imenipangia 1,650 kwa siku, na sandwichi ya kuku imeiandika 350. Nimefuata miezi mitatu bila kukosa, nimeongezeka kilo mbili! Apu inadanganya, au mwili wangu una tatizo? Au nirudi tu kwenye ugali?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nivue joho ambalo si langu: mimi si daktari, ni mtu wa lishe. Tatizo la mwili lina vipimo vyake hospitalini, lakini kwa uliyoniandikia sioni sababu ya kulianzia huko. Hata apu sidhani kama imekudanganya. Umeiuliza kalori za sandwichi ya kuku, nayo imekutafutia sandwichi ya kuku. Shida ni kwamba aliyeitengeneza ile hayuko Mtumba.

Apu nyingi zimejazwa takwimu za migahawa mikubwa ya Marekani na Uingereza. Huko sandwichi hutengenezwa kama dawa ya dukani: mkate una uzito wake, nyama imeshagawanywa kwa gramu kabla ya kufika kaunta. Tena sheria inawabana. Marekani, tangu Mei 2018, kampuni yenye migahawa 20 au zaidi lazima iandike kalori kwenye menyu. Uingereza walifuata Aprili 2022 kwa biashara zenye wafanyakazi 250 na kuendelea. Lakini hata takwimu hizo zina mtego wake. Sandwichi ndogo za inchi 6 za Subway, kampuni ya Marekani ya migahawa ya sandwichi, kwa mfano, kwa miaka mingi zimetangazwa kwa hesabu isiyo na jibini wala mayonezi. Mteja anasoma namba ya sandwichi kavu, kisha anaomba yenye kila kitu.

Usidhani basi wenzetu wenye vibao vya kalori wanajua wanachokula. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wateja wa migahawa ya chakula cha haraka huko New England, Marekani. Watu waliulizwa wakadirie kalori za chakula walichonunua, kisha risiti zao zikahesabiwa. Watu wazima walikosea kwa wastani wa kalori 175 chini ya ukweli, na angalau robo ya wateja walikosea kwa 500 au zaidi. Na waliokosea zaidi ni wateja wa Subway, yaani watu wa sandwichi. Ukiona majani na nyanya zinachungulia pembeni mwa mkate, akili inakwambia hiki ni chakula chepesi. Baga angalau inajulikana tabia zake.

Sasa tuifungue sandwichi yako. Sijaiona, lakini nimekula nyingi za vibanda na migahawa ya Dodoma, kuanzia One Way mpaka huko kwenu Mtumba, na zinafanana kama mapacha. Slesi tatu za mkate mweupe. Nje zimepakwa siagi ya kopo ili zisishike kwenye chuma na zitoke na rangi. Ndani kuna kuku aliyekaangwa akachambuliwa, akachanganywa na mayonezi, halafu kijana akaona haitoshi akapaka mayonezi nyingine kwenye mkate. Slesi ya jibini, nyanya, tango, tomato ya chupa juu.

Slesi moja ya mkate nene kiasi ina gramu 35 hivi. Tatu ni gramu 105, na mkate una kama kalori 2.6 kwa kila gramu, kwa hiyo tayari una karibu 280. Siagi ya nje, vijiko viwili vya chai, 70. Kuku wa kukaanga gramu 70, karibu 170. Mayonezi vijiko viwili vya chakula, 190. Jibini 65. Nyanya na tango kwa pamoja hazifiki 10, na tomato ya chupa kijiko kimoja ni kama 15. Jumla 800.

Rudi kwenye simu yako usome tena: 350.

Tazama hiyo tofauti ya 450 imetoka wapi. Kuku hana kesi kubwa. Mayonezi na siagi peke yake ni 260, na slesi ya tatu ambayo hakuna aliyeiomba ni nyingine 90 na kitu. Mwishoni mwa karne ya 19 mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, alituachia hesabu tunayoitumia mpaka leo: gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, gramu moja ya mafuta hutoa 9. Mayonezi ya kawaida ni mafuta kwa karibu robo tatu ya uzito wake, na siagi ya kopo huwa karibu na hapo. Ndiyo maana kijiko kimoja cha chakula cha mayonezi, ambacho hakionekani hata kwa macho kikishapakwa, kina kalori nyingi kuliko yai zima la kuchemsha, ambalo lina kama 70. Nikisema kijiko cha chakula nina maana ya kijiko cha mililita 15 kilichosawazishwa juu. Kijiko cha kijana wa kibandani kinatoka na kilima.

Kosa hili hata mimi limenikuta. Mwaka jana nilinunua sandwichi asubuhi nikikimbilia treni ya SGR kwenda Dar, nikamwambia mwenzangu kwa kujiamini kabisa kwamba hapo pana kalori 450. Niliporudi nilinunua nyingine palepale, nikaenda nayo nyumbani nikaifungua juu ya mizani. Ilitoka 720. Miaka yote hii kazini, na jicho bado halioni mafuta.

Turudi kwako, maana kilo mbili zako zina maelezo. Apu haikuokota hiyo 1,650 hewani. Ipo kanuni ya mwaka 1990 inayoitwa ya Mifflin na St Jeor. Kwa mwanamke unachukua kilo mara 10, unaongeza sentimita za urefu mara 6.25, unatoa umri mara 5, kisha unatoa 161. Kwako inakuja kama 1,460, hiyo ni nishati ya kukuweka hai ukiwa umelala tu. Ukizidisha kwa 1.4, kwa kuwa kazi yako ni ya kukaa, unapata kama 2,050. Hapo ndipo uzito wako ungesimama. Apu ikapunguza 400 ili upungue polepole, ikabaki 1,650. Mpango mzuri, sina ugomvi nao.

Lakini kila siku ya kazi sandwichi imezidisha 450 bila kuandikwa, na Ijumaa ya baga tuikadirie vivyo hivyo. Zile chipsi za kuonja, ambazo naapa hukuziandika, tuseme ni gramu 100: hapo pana 310. Jumla 760. Toa zile 400 ulizodhani unazipunguza, unabaki umezidi kwa 360 kila siku, siku tano, ni 1,800 kwa wiki. Tukubali kwamba Jumamosi na Jumapili ulifuata apu sawasawa, ukaokoa 800. Bado kila wiki unaweka akiba ya kalori 1,000. Wiki 13 ni 13,000, na kilo moja ya mafuta ya mwili inakadiriwa kubeba kama 7,700. Jibu ni kilo 1.7. Hesabu hii ni ya makadirio, mwili si daftari la duka, na maji na chumvi vinaweza kukuyumbisha kilo nzima kwenye mizani kati ya leo na kesho. Ila umeona haiko mbali na kilo zako mbili. Na hapo juisi sijaigusa.

Nikushauri nini? Usiifute apu. Ilishe namba zako mwenyewe.

Siku moja tu nunua sandwichi mbili. Moja kula, nyingine peleka nyumbani ikiwa imefungwa kama ilivyo. Tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Kama huna, azima kwa jirani anayeoka keki, hao hawakosi. Mizani ya dukani kwa Mangi ya kupimia sukari haitakufaa, vijiko vya mayonezi haivioni. Pima sandwichi nzima, andika. Fungua, toa kuku, pima. Kwangua mayonezi kwa kisu ukiweka kwenye kisahani ulichokipima kitupu, pima. Mkate pima mwisho. Mayonezi iliyolowa kwenye mkate hutaitoa yote, basi ongeza kijiko cha chai kwa kukisia. Sasa zidisha: mkate kwa 2.6, kuku wa kukaanga kwa 2.4, mayonezi na siagi kwa 7, jibini la slesi kwa 3.3. Mboga usihangaike nazo. Siagi iliyokaangia mkate nayo itakuwa imeshanyonywa, weka kalori 70 tu uendelee. Kazi yote ni dakika 20, na namba utakayopata iingize kwenye apu kama chakula chako mwenyewe, uipe jina, "Sandwichi ya kwa fulani". Tangu siku hiyo unachagua hiyo, ile ya Marekani unaiacha huko.

Utapata 650, au 900, sijui. Lakini itakuwa ya kwako.

Kwenye mfuko wa mkate au kopo la mayonezi utakuta maandishi ya nishati, na hapo watu wengi wanajikwaa. Kalori tunayoitaja mitaani ndiyo inayoandikwa kcal. Ukikuta kJ, igawe kwa 4.2. Angalia pia kama namba ni ya gramu 100 au ya kipande kimoja. Nilishawahi kuletewa na mama mmoja mkate "wa kalori kidogo", kumbe alikuwa anasoma namba ya slesi moja akidhani ni ya gramu 100. Na mkate wa brauni, kwa kuwa najua swali hilo linakuja: kalori zake ni karibu sawa na za mweupe. Faida yake ni nyuzinyuzi zinazokushibisha na kulisaidia tumbo, mradi uwe umetengenezwa kwa unga usiokobolewa kweli. Soma viambato, kama cha kwanza ni unga wa ngano mweupe na rangi imewekwa baadaye, umenunua rangi.

Baga ya Ijumaa nisiipigie kelele. Mkate wake 160, nyama ya gramu 90 kama 230, yai la kukaanga 95, kijiko cha mayonezi 95, jibini 65: hiyo ni 645. Ndiyo, baga unayoiona dhambi inaweza kuwa nyepesi kuliko sandwichi unayoiona thawabu.

Ukishajua namba, punguza kwa mdomo, pale unapoagiza. "Kaka, mkate uchome mkavu, usipake siagi. Mayonezi niwekee pembeni. Slesi mbili, usiweke ya katikati." Maneno hayo, kama sandwichi yako inafanana na ile niliyoifungua hapa, yameondoa kalori 350 na kuku yupo palepale. Mayonezi ya pembeni utachovya kijiko cha chai, kama 30 hivi, na utaona ladha haijapotea. Jibini na mayonezi kwa pamoja ni anasa mbili katika mkate mmoja, chagua upande. Ukitaka ulaini, omba vipande vya parachichi na ndimu na pilipili. Gramu 50 za parachichi ni kalori 80, si bure, lakini lina nyuzinyuzi na mafuta yake ni mazuri kwa moyo.

Kuku usimpunguze. Wateja wangu wengi wanaoanza kujibana hufanya kinyume: wanatoa nyama, wanabakiza mkate na mayonezi, kisha saa kumi jioni wanatafuta andazi ofisi nzima. Protini ndiyo inayokufikisha saa za kutoka. Kama pana kuku wa kuchoma au wa kuchemsha bila ngozi, bora zaidi, huyo zidisha kwa 1.65 tu. Soseji naiweka mbali, mafuta mengi na chumvi nyingi, na mkate, jibini na sosi vina chumvi yake tayari. Shirika la Afya Duniani linataka tusizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote.

Chipsi sasa. Nina neno moja hapa: kuonja hakupo. Ama umenunua chipsi ama hukununua. Viazi ni chakula kizuri, vikichemshwa havifiki kalori 90 kwa gramu 100, vikipita kwenye karai vinafika 310. Kama mkono unakwenda wenyewe, sogea meza nyingine. Na kama siku hiyo umezitamani kweli, kula chipsi na kuku na kachumbari nyingi, mkate uuache. Wanga mmoja kwa mlo mmoja.

Juisi ya zabibu: kumkataza mtu wa Dodoma zabibu ni kutafuta ugomvi, na zabibu zenyewe sina neno nazo. Gramu 100 ni kama kalori 70, unatafuna, unameza ganda na nyuzinyuzi zake. Lakini bilauri ya mililita 250 ya juisi ni karibu 150, sukari tupu kwa upande wa mwili, inapita bila kukushibisha. Uliacha soda ukairudisha kwa mlango wa shamba. Kichane kidogo cha zabibu na chupa ya maji baridi vitakutuliza jua la Mtumba kwa nusu ya kalori hizo.

Na ugali? Umeuliza kama vile ni adhabu. Unga wa mahindi mkavu una kalori kama 360 kwa gramu 100, na sahani ya mtu wa kawaida inaweza kubeba gramu 100 hadi 150 za unga, yaani 360 mpaka 540 kabla mboga haijafika. Ukiula na mlenda uliopikwa kigogo, usio na mafuta, na maharage au kipande cha samaki, unashiba mpaka usiku na huenda usivuke 650. Mlenda wa karanga ongeza kama 85 kwa kila kijiko cha chakula cha karanga zilizotwangwa. Lakini ukiula na nyama ya mchuzi ambao mafuta yanaelea juu kama taa za Nyerere Square, umerudi kwenye 800 uleule. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia ni 120, na mama lishe haweki kimoja. Kwa vyakula hivi vya nyumbani yapo majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Yanapatikana kwenye intaneti. Ukiandika ugali kwenye apu, chukua namba zake humo.

Ningekuwa wewe ningekula sandwichi iliyopunguzwa siku tatu, ugali siku moja au mbili, na baga ningeibakiza, maana mpango usio na Ijumaa haudumu. Usishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku kwa hasira ya kilo mbili. Na kama una mimba, unanyonyesha, au una kisukari au presha, namba zote hizi ziweke kando kwanza, upite kliniki wakupangie za kwako.

Jipime mara moja kwa wiki, mizani ileile, asubuhi kabla ya chai. Wiki mbili za kwanza zisikutishe wala zisikufurahishe sana. Ya nne ndiyo nitakayokuuliza.

Na huyo kijana wa sandwichi usimgombeze, yeye anapaka mayonezi kwa sababu wateja wengine wanamlalamikia ubahili. Mzoeshe oda yako mpaka akikuona tu aweke mkate mkavu kwenye chuma. Ila siku utakayokuta mtu mwingine nyuma ya kaunta, nunua tena mbili, moja ya mizani.